UZI: Jeni tunazo, mihogo yetu ndiyo inayogoma kwenye chupa

Fundi Chupa (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Kila baada ya siku chache unaletwa hapa uzi wa CRISPR, ule mkasi wa kukata na kuhariri jeni, na wachangiaji wanaulizana lini muhogo usiougua utafika shambani. Nafanya kazi kwenye maabara ya tishu kalcha, yaani kukuza mimea kutoka vipande vidogo ndani ya chupa, na muhogo ndio mmea ninaoushika kutwa nzima, kwa hiyo naomba nieleze kazi inakwama wapi. Kuandaa mkasi wa kukata jeni siku hizi si kazi ngumu, na vifaa vyake vinaagizwa. Kinachotutoa jasho ni kuichukua seli moja iliyobadilishwa na kuirudisha iwe mche mzima, wa aina ambayo mkulima anaitaka, na mche huo usiwe umepoteza chochote alichokuwa nacho mama yake. Hapo ndipo pesa na akili zetu zinapaswa kwenda. Hiyo ndiyo hoja yangu, mengine yote nitakayoandika yanaizunguka.

Kwanza, kwa nini tunahangaika na chupa badala ya kuchavusha tu. Muhogo tunaupanda kwa pingili, hivyo aina kama Kiroba ya Mkuranga na Kiroba ya Bagamoyo ni mmea uleule uliokatwakatwa. Ukiuchavusha, mambo yanavurugika. Kromosomu zake 36 zimebeba tofauti nyingi mno kutoka kwa baba na mama, kwa hiyo kila punje ya mbegu inaota na tabia zake: huu mchungu, ule una maji, mwingine unazaa vizuri lakini ukichemshwa hauivi. Mahindi unaweza kumrudisha chotara kwa mzazi wake vizazi kadhaa mpaka aina ya zamani irudi ikiwa na jeni mpya ndani. Muhogo haukubali hilo. Ukiuchavusha wenyewe kwa wenyewe unadhoofika, na kuna aina ambazo hata maua hazitoi ya maana. Mtafiti wa kuchavusha anatumia miaka 8 hadi 10 kupata aina mpya, na ikitoka ni mpya kweli. Mama mpishi na muuza makopa waanze kuizoea upya. Ndiyo maana kugusa jeni moja ndani ya Kiroba ileile ni jambo la thamani kubwa.

Maadui wenyewe mnawajua, magonjwa mawili ya virusi: batobato, inayotia majani mabaka na kuyakunja, na michirizi ya kahawia. Magonjwa yote mawili dunia iliyafahamu kutokea kwetu. Mtafiti Warburg aliandika habari za batobato mwaka 1894 kutokana na mihogo ya Usambara, na mwenzake Storey akaandika za michirizi mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, Muheza. Inzi weupe wanavibeba virusi hivyo shamba kwa shamba, na sisi tunavisafirisha mkoa kwa mkoa kwa kupeana mbegu. Michirizi ndiyo inayoniuma zaidi. Shina limesimama, majani ya juu ni mabichi, unang'oa mizizi minene, kisha ukimenya unakuta mabaka ya kahawia, makavu na magumu, hayaivi wala hayafai kwa makopa. Mkulima anajua amepata hasara siku ya kuvuna.

Nashusha sehemu ya pili, msiondoke.

Fundi Chupa

Safari yenyewe ndani ya chupa.

Tunaanza na miche safi iliyokuzwa kwenye midia (chakula cha mmea ndani ya chupa) ya MS, ile waliyoitunga Murashige na Skoog mwaka 1962. Tunakata jani changa la kileleni ambalo halijakunjuka, au tunavimbisha vichipukizi vya kwapani kwa homoni ya BAP kisha tunavichomoa. Vipande hivyo tunaviweka kwenye midia yenye homoni ya pikloramu, miligramu 12 kwa lita, gizani, joto la nyuzi 28 hivi. Baada ya wiki mbili au tatu vinachomoza viinitete, yaani vimelea vya mche, ambavyo havikutokana na ua wala mbegu. Ni seli za jani zilizobadilishwa mwelekeo na homoni. Stamp na Henshaw ndio walioonyesha hatua hii kwenye muhogo, Uingereza, mwaka 1982. Aina nyingi za muhogo zinaikubali, nyingine kwa wingi, nyingine kwa kubembelezwa.

Mtihani unakuja baada ya hapo. Viinitete hivyo vimeshikana na kujipanga. Agrobakteria, bakteria tunayemtumia kubeba jeni, akipitisha jeni anagusa seli hii na kuacha ile, na mche unaoota unakuwa sehemu umebadilika na sehemu haukubadilika. Tunahitaji tishu iliyolegea ambayo mche mzima unaweza kutoka kwenye seli moja. Kwa hiyo viinitete vinahamishiwa kwenye midia ya Gresshoff na Doy, pikloramu ileile, na kila baada ya wiki tatu au nne tunavihamisha tena huku tukichambua chini ya darubini. Kinachotafutwa ni kalasi legevu, yaani bonge la seli zilizolegea, maabara zote wanaiita FEC. Ikitokea unaijua papo hapo: njano iliyofifia, punjepunje, ukiigusa kwa ncha ya koleo inaachana kama chicha ya nazi iliyokamuliwa. Pembeni yake inaota kalasi nyingine nyeupe, yenye majimaji na utelezi, isiyozaa kitu, na inakua haraka kuliko hiyo nzuri. Kazi ya fundi ni kuichomoa ile ya njano bila kubeba hata chembe ya ile ya utelezi. Mashine ya kazi hii haipo. Ni jicho na mkono, na mkono wa namna hiyo haupatikani kwa semina ya siku tatu.

Ukishapata kalasi legevu, unaikutanisha na Agrobakteria, unachuja kwa dawa ya kuua seli ambazo hazikupokea jeni, unaihamishia kwenye midia yenye homoni ya NAA, na viinitete vya kijani vinaanza kutokeza. Vile vya kijani vinapelekwa kwenye BAP kidogo vichipue, kisha kwenye midia isiyo na homoni vitoe mizizi. Miezi mingi imeshapita hapo. Na kalasi nayo inazeeka! Ukiihamishahamisha muda mrefu inapoteza uwezo wa kuzaa miche, na inayozaa inaanza kutoa miche yenye kasoro. Kalasi changa ndiyo mali.

Kalasi legevu ya muhogo waliitangaza Taylor na wenzake mwaka 1996, na mwaka huohuo zikatoka taarifa za muhogo wa kwanza kuingizwa jeni. Mwaka 2009 maabara ya chuo kikuu cha ETH, Zurich, ikachapisha utaratibu wa hatua kwa hatua ambao maabara nyingi zinaufuata hadi leo. Lakini tazameni aina iliyotumika kwenye kazi nyingi za hizo: 60444, ya Nigeria. Inatoa kalasi nzuri kirahisi, ndiyo maana ilipendwa maabara. Shambani hakuna anayeitafuta. Batobato inaimaliza, na michirizi vilevile. Kwa miaka mingi, sayansi ya kubadili muhogo ilikuwa sayansi ya 60444.

Aina za watu zimekuja polepole. Zilikuja TME 3, TME 7, TME 14 na TME 204, zote za asili ya Afrika Magharibi, pamoja na T200 ya Afrika Kusini. TME 204 ilisaidiwa na amino asidi ya tairosini kuongezwa kwenye midia, jambo dogo lililobadilisha matokeo. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa Nairobi wakachapisha kazi ya Kibandameno ya pwani ya Kenya pamoja na Serere na Ebwanateraka za Uganda. Kazi ile ilionyesha kuwa aina zetu zinawezekana, ila kila moja inataka dozi yake, muda wake na mkono wake. Hakuna utaratibu mmoja wa muhogo.

Mzee wa Mkuranga

Mwanangu nimesoma taratibu, maneno mengine yamenipita lakini shabaha nimeiona. Mimi nina swali la mkulima. Tuliwahi kuletewa miche ya maabara, tukaambiwa ni safi. Msimu wa kwanza ilipendeza, majani mapana, tukagawana kijiji kizima. Baada ya misimu michache batobato ikarudi vilevile, na watu wakasema tumedanganywa. Sasa hiyo chupa ina faida gani kwetu?

Fundi Chupa

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo linalotakiwa kuulizwa kila kijiji ambacho miche ya chupa inapelekwa, kabla gari halijaondoka.

Usafi na kinga ni mambo mawili mbalimbali. Mche safi hauna virusi siku unapoupokea. Mche wenye kinga unapambana na virusi vikija. Ukichukua aina isiyo na kinga ukaisafisha, ukaipanda katikati ya mashamba yanayougua, inzi weupe watairudisha ilipotoka, na hayo ndiyo yaliyowapata. Aliyewaletea alipaswa kuwaambia tangu mwanzo.

Usafi wenyewe unapatikana hivi. Mmea mgonjwa unawekwa kwenye joto la nyuzi 36 hadi 38 kwa wiki kadhaa ili virusi vipungue nguvu. Kisha chini ya darubini tunakata ncha ya ukuaji pamoja na chipukizi moja au mawili ya majani, kipande cha takriban nusu milimita. Pale kileleni virusi mara nyingi havijafika, kwa sababu seli zinagawanyika upesi na mishipa ya chakula haijafunguka. Kartha na Gamborg, Canada, walionyesha mwaka 1975 kwamba batobato inaondoka kwa njia hii. Na bado baada ya hapo kila mche lazima upimwe. Virusi vya batobato ni vya DNA na vya michirizi ni vya RNA, kwa hiyo vipimo ni viwili tofauti, na aliyepima kimoja hajamaliza kazi.

Ukikata tu pingili ya mmea mgonjwa ukaikuza kwenye chupa, unazidisha miche migonjwa kwa kasi ya kutisha. Chupa haiondoi virusi. Ukiletewa miche, mzee, uliza ilipimwa nini na lini, na uliza aina yenyewe inavumilia nini. Hata aina inayovumilia ni vizuri kuibadilisha na mbegu mpya iliyokaguliwa baada ya misimu kadhaa, kutoka kwa mzalishaji aliyesajiliwa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na shamba la mbegu likae mbali na mihogo inayougua.

Mzee wa Mkuranga

Marahaba. Nimeelewa, na nitaisoma kwenye kikao cha kikundi chetu. Kumbe tulipewa nguo iliyofuliwa tukadhani ni mpya.

Dada wa Kabete

Asante kwa uzi, Fundi. Lakini umeitaja TME 204 ukaipita haraka. Mwaga habari ya kinga ya batobato iliyopotea, maana vijana wengi wanaoanza kazi hii hawaijui, na wakubwa hawapendi kuizungumza.

Fundi Chupa

Dada, nilikuwa naisogelea. Kwangu mimi hili ndilo somo kubwa kuliko yote tuliyopata kwenye muhogo, na nitalieleza kwa kirefu.

TME 204 ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa na kinga nzuri ya batobato, ile inayoitwa CMD2. Ilichokosa ni kinga ya michirizi. Mradi wa VIRCA, ulioanza mwaka 2005 ukiunganisha Kituo cha Danforth cha St. Louis na taasisi za Uganda na Kenya, ukaamua kuiwekea hiyo kinga ya pili kwa kutumia kipande cha virusi wenyewe, ili mmea uvitambue na kuvikatakata. Hesabu ilikuwa safi: batobato tayari, tunaongeza michirizi, mkulima anapata vyote.

Miche ikapelekwa mashambani. Michirizi ikazuiwa vizuri. Lakini batobato ikaishambulia miche hiyohiyo, ile aina iliyosifiwa kwa kuistahimili. Mtu wa kwanza kuiona angesema jeni iliyoingizwa imeharibu kitu. Watafiti wakafanya jambo la busara: wakaangalia miche ya TME 204 iliyopitishwa kwenye kalasi bila kuingizwa jeni yoyote. Nayo ikaugua. Miche ya TME 204 iliyozidishwa kwa pingili, hata ile ya kwenye chupa, ikabaki na kinga yake. Kwa hiyo kosa halikuwa la jeni wala la Agrobakteria. Ni ile safari ya kuivunja tishu na kuijenga upya kupitia viinitete ndiyo iliyofuta kinga. Taarifa ilichapishwa mwaka 2016 na Beyene na wenzake, na ilionyesha kwamba aina nyingine zenye CMD2 zinapata msiba huohuo, wakati zile zenye kinga za namna nyingine, CMD1 na CMD3, zilitoka salama.

Fikirieni uzito wake. Kinga ya CMD2 ndiyo imebeba aina nyingi zilizosambazwa Afrika. Na utaratibu wetu mkuu wa kubadili muhogo ndio huohuo unaoivunja.

Mwaka 2022 kundi la watafiti likaonyesha kuwa kinga hiyo inaendana na mabadiliko madogo kwenye jeni ya DNA polimerasi delta, inayofahamika kama MePOLD1. Hii imetupa sisi wa chupa mahali pa kutazama: kabla ya kuupeleka mche shambani unaweza kusoma eneo lile la jeni na kulilinganisha na la mama. Lakini mimi bado nasema shamba ndilo hakimu. Mche uliotoka kwenye kalasi usisifiwe mpaka umesimama kando ya mama yake, udongo mmoja, inzi weupe walewale.

Kijana wa Namulonge

Nathibitisha. Huku kwetu jambo hili lilibadilisha namna ya kupanga majaribio. Sasa kuna mstari wa mama, mstari wa miche iliyopitia kalasi bila jeni, na mstari wa miche yenye jeni. Ukiona jaribio halina huo mstari wa katikati, uliza maswali. Na ndugu Fundi, watu wasidhani kazi ile ilitupwa. Mche 4046, uliotokana na TME 204, ndio Mamlaka ya Usalama wa Viumbe ya Kenya iliouruhusu Juni 2021 kuendelea na majaribio ya wazi kwa kinga yake ya michirizi.

Fundi Chupa

Umenena vyema kaka. Na tazama: baada ya teknolojia yote ile, njia moja iliyobaki wazi ni kuchavusha, kinga ya michirizi itoke kwa mche wa maabara na ya batobato kwa mzazi mwingine. Maana yake unaiacha aina yenyewe uliyokuwa unaipigania. Ndiyo maana nasisitiza tuitengeneze hatua ya kalasi.

Mpenda Mbegu Asili

Nimefuatilia kwa heshima. Lakini mnaniogopesha. Kama chupa inaweza kufuta kinga bila hata kuingiza jeni, kwa nini msiachane nayo mkarudi kwenye uchavushaji? Amani walifanya kazi bila maabara hizi na wakatuachia mihogo tunayokula leo.

Fundi Chupa

Ndugu, hoja ya Amani naiheshimu kuliko unavyodhani. Storey na wenzake walianza kuchavusha mwaka 1937, wakachanganya muhogo na mpira wa Ceará, ndugu yake wa porini, na mtafiti Jennings akaendeleza katika miaka ya 1950. Namikonga inayolimwa kusini, ambayo pwani ya Kenya inajulikana kama Kaleso, ni uzao wa Amani, na mpaka leo ni mmojawapo wa wazazi wetu bora wa kinga ya michirizi. Mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria pia, na kutoka kwenye damu ile taasisi ya utafiti ya IITA ikapata aina ya TMS 30572. Hakuna anayetaka kuifuta kazi hiyo.

Ila uchavushaji wenyewe leo unategemea chupa. Pingili haivuki mpaka salama, inabeba virusi, na sheria za karantini haziiruhusu. Mche wa chupa uliopimwa unavuka. Mradi wa 5CP ulizikutanisha Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi na Msumbiji, kila nchi ikatoa aina zake bora 5, zikasafishwa na KEPHIS, taasisi ya ukaguzi wa mimea ya Kenya, na taasisi ya NRI Uingereza, kisha zikarudi nchi zote kwenye chupa. Bila tishu kalcha ubadilishanaji ule usingekuwepo.

La pili ni kubwa zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya DSMZ, Braunschweig, Ujerumani, walipima mihogo ya Amerika Kusini kutoka hazina ya mbegu ya kituo cha utafiti cha CIAT iliyoko Palmira, Colombia, na wakapata michache ambayo virusi vya michirizi havikuweza kuizidi. Amerika Kusini hakuna michirizi! Kinga imekaa huko bila mtu kuihitaji. Mihogo hiyo haina kinga ya batobato, kwa hiyo ukiileta kama ilivyo inakufa kwa ugonjwa mwingine. Inabidi ije kwenye chupa, ikutanishwe na mihogo yetu, na wachavushaji wafanye kazi yao. Hizi njia mbili ni za nyumba moja. Mimi nikikuza ncha ya muhogo wa Palmira asubuhi na kalasi ya Kiroba jioni, sioni ugomvi.

Kuhusu sheria, kila nchi na msimamo wake. Kwetu Tanzania majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni, ya Makutupora, yalisimamishwa mwaka 2018. Nigeria ilitoa mwongozo wa uhariri wa jeni mwaka 2020 na Kenya mwaka 2022. Mjadala huo una nyuzi zake, naomba huu tuuachie chupa.

Mwanafunzi Moro

Naomba kueleweshwa kaka. Kwenye uhariri, mnaweka CRISPR kwa kuingiza jeni ya mkasi. Baada ya mkasi kukata, mnautoaje?

Fundi Chupa

Swali zuri sana mdogo wangu, na linarudi palepale kwenye kukuza tishu.

Mpunga au mahindi unachavusha wenyewe kwa wenyewe, kwenye kizazi kinachofuata unachagua mche ulio na mabadiliko lakini hauna mkasi. Kwa muhogo, kama nilivyoeleza, ukichavusha unaipoteza aina. Mwaka 2017 Odipio, mtafiti kutoka Uganda, na wenzake walionyesha kwamba CRISPR inafanya kazi kwenye 60444 na TME 204. Waligusa jeni ya rangi na miche ikatoka myeupe, uthibitisho unaoonekana kwa macho. Mwaka 2018 ETH walihariri jeni za wanga, na pamoja na mkasi wakaingiza jeni ya kuharakisha maua ili muhogo uchanue ndani ya kitalu nyumba na mkasi uweze kutolewa kwenye uzao. Mwaka 2019 kukaja uhariri wa jeni za nCBP mbili, ambazo virusi vya michirizi vinazitumia kama mlango. Ugonjwa ulipungua, haukuisha.

Suluhisho safi ni kuupeleka mkasi ukiwa protini tayari, bila jeni yoyote, kwenye seli iliyovuliwa ukuta wake, yaani protoplasti, halafu kuikuza seli hiyo moja mpaka mche. Mkasi unakata, unayeyuka, aina inabaki ileile. Tatizo? Kukuza protoplasti ya muhogo mpaka iwe mche ni kugumu kuliko kalasi, na malighafi nzuri ya protoplasti ni kalasi legevu hiyohiyo. Asiye na kalasi hana protoplasti ya maana.

Mama Miche Kigoma

Mimi nina kimaabara kidogo, nazidisha migomba na nataka kuongeza muhogo. Gharama za midia zinaniua. Nimesikia watu wanatumia sukari ya dukani. Ni kweli au ni kudanganyana?

Fundi Chupa

Ni kweli dada yangu, kwa hatua ya kuzidisha miche. Sukari nyeupe ya dukani inafanya kazi vizuri, gramu 20 hadi 30 kwa lita. Wanga unaweza kupunguza sehemu ya agari (inayogandisha midia), chupa za jemu zenye kifuniko kinachovumilia joto zinatosha, na mwanga wa jua uliochujwa unapunguza bili ya umeme. Kule Cauca, Colombia, CIAT na wenzao waliwafundisha wakulima, wengi wao akina mama, kuendesha maabara ya muhogo kijijini kwa vifaa vya jikoni, na walizalisha miche ya kweli. Usichobana ni usafi: otoklevu au sufuria ya presha ifike nyuzi 121 kwa dakika 15 mpaka 20, pH iwe 5.8, na meza ifutwe kwa spiriti kila unapobadilisha aina. Weka lebo kila chupa. Miche ya muhogo ikishachanganyika hakuna atakayeitambua kwa macho.

Miche ikitoka chupani ndipo wengi hufa. Majani yake hayajazoea kuzuia maji yasipotee, kwa hiyo osha midia yote kwenye mizizi, panda kwenye udongo uliochemshwa, funika kwa nailoni, na uifungue kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu.

Lakini kwa kalasi usibane chochote. Pikloramu iwe halisi, maji yawe safi kabisa, agari iwe ya daraja moja kila mara. Ukibadilisha chapa ya agari katikati ya kazi na kalasi ikagoma, hutajua ni aina ya muhogo au ni agari.

Dada wa Kabete

Swali la mwisho kutoka kwangu. Ukipewa fedha za miaka mitatu na hakuna anayekupangia, ungeanza wapi?

Fundi Chupa

Nisingeanza na jeni yoyote. Ningechukua Kiroba, Namikonga, Kibandameno na aina mbili tatu za Ziwa, nikazipitisha zote kwenye hatua za kalasi na kuandika kila kitu: jani la umri gani, giza au mwanga, pikloramu kiasi gani, tairosini ilisaidia au haikusaidia, kalasi ilianza kuzeeka lini. Ningehifadhi kalasi changa kwenye naitrojeni ya kimiminika ili tusirudie kazi kila mwaka. Ningefundisha vijana mikono, maana ujuzi huu sasa umekaa kwa watu wachache, na mmoja wao akihama maabara inaanza upya. Na matokeo mabaya ningeyachapisha pamoja na mazuri, aina iliyogoma iandikwe kuwa imegoma na imegomea wapi, ili Mwanza wasirudie kilichoshindikana Mikocheni.

Kisha miche iliyozaliwa kutoka kwenye kalasi, isiyo na jeni yoyote mpya, ningeipanda Chambezi, Bagamoyo, ambako michirizi ni kali, na nyingine Kanda ya Ziwa ambako batobato imewahi kufagia. Kila mche kando ya mama yake, misimu miwili isiyopungua, kwa sababu michirizi inajificha msimu wa kwanza na kujitokeza kwenye pingili za wa pili. Aina itakayopita hapo ikiwa na ladha yake na kinga yake yote, hiyo ndiyo ya kupelekewa mkasi.

Kijana wa Namulonge

Ongeza na kipimo cha kupandikiza. Mche wa kalasi unaubebesha kikonyo chenye virusi, yaani kipande cha tawi kinachounganishwa juu yake, maabara, unajua mapema kama kinga imepotea, badala ya kungoja msimu mzima.

Fundi Chupa

Naam, na kinaokoa shamba. Ila chagua kikonyo kutoka mmea uliopimwa kuwa na virusi vya aina moja tu. Muhogo wa shambani mara nyingi una batobato za aina mbili kwa pamoja, na zikikutana zinauangusha hata mche wenye kinga ya wastani, ukautupa bure. Nani ana mimea ya namna hiyo iliyohifadhiwa? Aje sehemu ya ujumbe tupange namna ya kuiomba rasmi.